Maneno Kabla ya Dufu

 

Nimeombwa nizungumzie kaswida na malezi ya watoto. Najua wengi wenu mkisikia mada hii mnangoja ule ubishi wa miaka nenda miaka rudi: dufu inafaa au haifai, msikitini au nje ya msikiti, ala hii au ala ile. Wenye elimu kunizidi wamekwisha kuujadili na wataendelea kuujadili. Mimi nimekuja na jambo ambalo wote tumelipuuza wakati tukibishana, yaani maneno. Mtoto wako wa miaka minane anayeimba kutwa nzima huku akiosha vyombo, anaimba nini? Nani aliyatunga maneno hayo, nani aliyasoma kabla hayajatiwa sauti, na yanamfundisha afanye nini akitoka hapo mlangoni?

Nitaanza na hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Msimulizi wake ni Rubayyi binti Muawwidh, mwanamke wa Kiansari wa Madina. Alipoolewa, Mtume (s.a.w.) alifika nyumbani kwake asubuhi, akaketi. Wasichana wadogo walikuwa wakipiga dufu na kuwaimba wazee wao waliouawa katika vita vya Badr. Mmoja wao alipomwona Mtume akageuza maneno, akaimba kwamba miongoni mwao yupo Nabii anayejua yatakayotokea kesho. Mtume akamkatiza. Akamwambia aliache hilo, aendelee na yale aliyokuwa akiyaimba mwanzo.

Litazameni tukio hili kwa utulivu. Dufu haikunyamazishwa, wasichana hawakufukuzwa, wala hakuna aliyekemewa kwa kupaza sauti. Kilichosahihishwa ni mstari mmoja, kwa sababu ulimpa mwanadamu elimu ya ghaibu ambayo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Na mstari wenyewe ulikuwa wa kumsifu yeye Mtume! Angeweza kuuacha upite, maana ilikuwa furaha ya harusi na mwimbaji alikuwa mtoto. Hakuuacha. Aliusikiliza wimbo neno kwa neno, akalitoa lisilo sawa, akaliruhusu lililo sawa liendelee.

Nauliza: katika vikundi vyetu, kazi hiyo anaifanya nani? Yuko fundi wa spika, yuko anayeshona kanzu na mabuibui ya sare, yuko mpiga video. Yuko hata anayechagua mahali pa kupigia picha, ufukweni au bustanini. Msomaji wa maneno hayupo. Kaswida inatungwa jioni, inarekodiwa kesho yake, na baada ya wiki imeshaingia kwenye simu za watoto mtaa mzima, na ndani yake mna hadithi ambayo sheikh yeyote akiisikia atauliza imetoka kitabu gani. Hotuba ya Ijumaa yenye kosa husahauliwa kabla ya Alasiri. Wimbo wenye kosa mtu huzeeka nao. Mtamkuta bibi wa miaka 70 anashikilia jambo ambalo halimo katika Qurani wala Sunna, na ukimuuliza amelipata wapi, ataanza kukuimbia.

Kuhusu hukumu ya kuimba nitasema machache. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika Ihya Ulumid Din kitabu kizima juu ya adabu za kusikiliza. Hakusema wimbo wote ni haramu, wala hakusema wote ni halali. Alitaja mambo yanayoweza kuuharamisha: anayeimba, ala inayotumika, maneno yenyewe, hali ya anayesikiliza, na mazoea ya kuzama humo mpaka mtu akasahau kazi zake. Maneno yamehesabiwa peke yake. Hata ukiondoa ala zote, ukabaki na sauti tupu ya mtu mmoja, bado Ghazali atataka kujua sauti hiyo inasema nini. Kwa hiyo ndugu yangu usiyekubali dufu, na wewe uliyelelewa na dufu, katika hili la maneno mko pamoja, na hakuna kati yenu mwenye udhuru wa kulipuuza.

Mtume alikuwa na washairi wake. Hassan bin Thabit aliwekewa mimbari msikitini ili autetee Uislamu kwa mashairi. Walipochimba handaki la Madina mwaka wa 5 Hijria, masahaba walifanya kazi kwa njaa na baridi, na Mtume pamoja nao akibeba udongo, huku wakiimba maneno ya Abdullah bin Rawaha. Na sura nzima ya Qurani imeitwa Shuaraa, yaani Washairi. Mwisho wa sura hiyo washairi wanalaumiwa kwa mambo mawili: wanatangatanga katika kila bonde, na wanayasema wasiyoyatenda. Kisha wanatolewa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Nawaombeni vijana msikae na nusu ya kwanza mkakata tamaa, wala msikae na nusu ya pili mkajisahau.

Nije sasa kwetu pwani.

Wazee wetu walilielewa jambo hili la maneno mapema. Hamziya ya Al-Busiri, mshairi wa Misri, ilitiwa Kiswahili na Sayyid Aidarus bin Athman, na ni miongoni mwa tungo kongwe kabisa tulizonazo. Sayyid Mansab wa Lamu, aliyefariki mwaka 1922, aliitia Kiswahili Maulidi ya Barzanji. Kwa nini walijisumbua? Kiarabu walikijua, na wangeweza kujistarehesha nacho wao kwa wao. Waliona kuna mtu anayekaa maulidini tangu marhaba mpaka halua, ananyunyiziwa marashi, anafukizwa udi, anaitikia kwa moyo wake wote, na hajui hata jambo moja katika maisha ya huyo Mtume anayemsalia. Mapenzi anayo. Wakaona si haki kumnyima na maana.

Lamu kuna mfano mwingine. Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija, alifika kisiwani katika karne ya 19, akakaa upande wa Langoni na kuwasomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwaona kuwa ni wa kusomeshwa, wakiwemo watumwa na watoto wao. Alileta Maulidi ya Al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, yakasomwa kwa matari. Wapo waliochukia, kwa matari na kwa watu wenyewe waliokaribishwa. Yeye akaendelea, Msikiti wa Riyadha ukasimama, na mpaka leo kila Mfungo Sita watu hutoka kila pembe ya pwani kwenda Lamu kwa maulidi. Wengi wetu tukiisimulia habari hii tunaishia kwenye matari. Lakini Riyadha haikuwa matari tu, ilikuwa na darsa. Wimbo uliwaleta watu, darsa likawafundisha, na aliyeimba usiku alikaa mbele ya kitabu asubuhi. Kikundi cha kaswida kisicho na darsa nyuma yake kimechukua nusu ya kazi ya Habib Saleh, tena ile nusu nyepesi.

Sasa niseme maneno mazuri ya malezi yakoje, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia utenzi binti yake, Mwana Hashima. Mnaufahamu. Anamwita mwanawe asogee, alete wino na karatasi. Anamwambia anataka kumpa hirizi na kidani cha kuvaa shingoni, na kidani hicho ni wasia wenyewe. Baadaye anaingia katika mambo: dini, kusema kweli, kuwa na adabu kwa watu, namna ya kuingia na kutoka, namna ya kukaa na mume, usafi wa nyumba. Yapo tunayoweza kujadiliana naye leo, hasa katika habari ya mume, na dada zangu huyajadili kwa haki. Lakini angalieni namna anavyofundisha. Hamwachii mwanawe neno kubwa tupu, kwamba uwe mwema, kisha akaenda zake. Anamwonyesha mkono ufanye nini, ulimi useme nini na usiseme nini, mbele ya nani. Msichana aliyeuhifadhi utenzi ule alikuwa na la kufanya siku hiyohiyo.

Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, imamu na mshairi aliyezaliwa mwaka 1952, amefuata njia hiyo katika zama zetu. Wasiya wa Mabanati aliwatungia mabinti, Mukhadirati akaitunga juu ya dawa za kulevya. Tungo zake zilitiwa sauti, zikatembea kwa kanda kutoka nyumba hadi nyumba, zikawafikia mama jikoni ambao hawakuwahi kuhudhuria hotuba yake msikitini. Shaaban Robert wa Tanga naye aliwatungia watoto wake tenzi mbili, ule wa Hati na ule wa Adili. Wote hawa walikuwa na mtoto fulani mbele ya macho yao walipotunga.

Kaswida nyingi za leo hazina mtoto yeyote mbele ya macho. Zinamsemesha kila mtu, kwa hiyo hazimgusi mtu. Nitawatolea mfano niliouandaa mwenyewe kwa ajili ya mhadhara huu, nisije nikamwaibisha mtunzi yeyote. Ubeti wa aina tunayoisikia sana ni kama huu:

Enyi watu wa dunia
maovu tumezidia
moto unatungojea
tubuni kwake Manani.

Mizani yake ni nane nane, vina vimekaa, na hakuna kosa la kidini ndani yake. Nilipoufundisha kwa watoto wa madrasa waliuimba vizuri sana. Nikawauliza: toba hiyo ni ya nini? Kimya. Msichana mmoja akasema, "Ni ya watu wabaya, mwalimu." Alikuwa na hakika kabisa kwamba yeye hamo. Na kwa maneno tuliyompa, alikuwa sahihi.

Wiki iliyofuata nikawapa beti mbili nyingine:

Sukari nimenunua
chenji yangu kachukua
njiani nikatambua
muuzaji kazidisha.

Mia tano ya ziada
sikuiita faida
nikarudi bila shida
amana kuirudisha.

Hawajamaliza kuimba, mikono imeshapanda. Kila mmoja ana duka lake na ana siku yake. Mmoja alizidishiwa akanunua pipi. Mwingine alirudisha, muuzaji akampa shukrani na kashata. Kisha mvulana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: "Na kama muuzaji mwenyewe hupunja?" Darasa zima likageuka kumtazama, maana wote walimjua muuzaji anayemsema.

Ndugu zangu, hilo ni swali la fiqhi na la akhlaqi kwa pamoja, na limetoka kinywani mwa mtoto kwa sababu ya wimbo wenye sukari na chenji ndani yake. Tulifungua Suratul Mutaffifin, sura inayowaonya wapunjaji wa vipimo, wanaotimiza wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Tukasoma, tukaeleza kwamba dhuluma ya mwenzako haikugeuzii amana ikawa mali yako, na kwamba aliyepunjwa anayo haki ya kudai waziwazi, mbele ya watu, badala ya kujilipa kwa siri. Mwisho tukatunga ubeti wa tatu pamoja nao, na yule mvulana ndiye aliyetoa mstari wake wa tatu:

Na akiwa mpunjaji
dhambi yake muuzaji
si mimi mlipizaji
haki yake nafikisha.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya shairi katika malezi. Aya ilikuwepo, hadithi za amana zilikuwepo, walimu walikuwepo. Shairi lilimweka mtoto ndani ya tukio akiwa na sarafu mkononi, kabla hajakutana nalo dukani.

Katika ufundi wa kutunga kuna jambo ambalo vijana wa vikundi wanapaswa kulizingatia, nalo ni kiitikio. Mwimbaji kiongozi ana beti kumi, wengine wote wana mstari mmoja au miwili wanayoirudia mara kwa mara. Watoto wako upande wa waitikiaji. Baada ya mwezi beti za kiongozi zitakuwa zimewatoka, kiitikio kitabaki nao maisha yao yote. Angalieni sasa viitikio vyenu. Vingi ni jina la madrasa, au jina la aliyefadhili sare, au maneno ya furaha ya sherehe tu. Mafunzo yote yamewekwa kwenye beti. Yahamisheni! Kama wimbo ni wa kuwatii wazazi, basi tendo la utiifu liwe ndani ya kiitikio: kuitika unapoitwa, kunyanyuka unapotumwa, kushusha sauti. Hivyo mtoto akikirudia mara 100 amelirudia tendo lenyewe.

Kumsalia Mtume katika kiitikio ni jambo jema, wala sisemi kiondolewe. Nasema kimsalie kwa kumfuata. Mtunzi anayemsifu Mtume kwa uzuri wa uso wake na nuru yake amesema kweli. Akiongeza kwamba alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe na kuwasaidia watu wa nyumbani kwake, kama alivyosimulia mkewe Bibi Aisha, mvulana anayeimba atajua kwamba kufagia uani si aibu ya mwanamume. Tunazo sira zimejaa matendo ya namna hii. Kwa nini tunarudia sifa zilezile?

Liko pia suala la hofu. Nimesikiliza kaswida nyingi za watoto zinazoeleza kaburi, wadudu na giza kwa urefu wa kutisha, na sauti inayoimba ni ya mtoto ambaye meno yake ya utoto hayajaisha kung'oka. Kifo ni haki, na kukumbuka mauti ni katika dini. Lakini Mtume alijua aseme nini na nani. Alipomfundisha adabu mtoto Umar bin Abi Salama, ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika sahani, alimwambia ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Ni mambo matatu mafupi, yote ya pale pale kwenye chakula, na hakumtajia moto. Umar mwenyewe alisema baadaye kwamba tangu siku ile aliendelea kula hivyo. Mtunzi wa nyimbo za watoto akitaka kipimo, nampa hiki.

Mama zangu, nina neno nanyi. Kamati zinazoamua maneno ya kaswida katika madrasa zetu ni za wanaume, na waimbaji wengi ni wasichana. Mtu anayejua binti wa miaka 12 anakutana na nini njiani akitoka shule, anatumiwa ujumbe gani kwenye simu, na anashindwa kumwambia nani, ni mama yake. Wasia mkubwa kuliko wote katika ushairi wetu umetungwa na mama mgonjwa kwa ajili ya mwanawe. Kukosekana kwenu katika utungaji ni hasara, na si ninyi mliojiondoa. Walimu wa kiume tuliohudhuria hapa tunapaswa kuwafungulia mlango, tena mapema.

Kwenu waimbaji, narudi kwenye lawama ile ya Suratu Shuaraa, ya kusema usilolitenda. Mtoto akikusikia unaimba juu ya kutimiza ahadi, kisha akaona kikundi kimepokea malipo ya harusi mbili za saa ileile na kuitupa moja bila taarifa, amejifunza, lakini si lile uliloliimba. Wakubwa mna nafasi ya kujitetea, yeye hana namna ya kuyasahau aliyoyaona. Ni bora kikundi kiwe na nyimbo tano ambazo wenyewe wanajitahidi kuziishi kuliko thelathini za kujaza usiku.

Maombi yangu ni machache, na naomba yafanyiwe kazi kabla ya Mfungo Sita ujao. Kila madrasa iliyowakilishwa hapa itunge wimbo mmoja mpya, wa Kiswahili wanachokisema watoto wenyewe, juu ya tendo moja tu: kurudisha amana, au kuomba radhi, au kutomcheka mwenye kilema, au kumpisha mzee kwenye daladala. Ukishatungwa usitiwe sauti kwanza. Asome sheikh aangalie aya na hadithi. Asome mama mwenye watoto. Wasomewe watoto, waulizwe wameelewa wafanye nini, na wakikaa kimya, karatasi irudi kwa mtunzi. Ukipita hapo, wekeni sauti mnayoitaka, wenye dufu kwa dufu, wasiopiga dufu kwa midomo mitupu. Kisha nileteeni, nami niko tayari kukaa na mtunzi yeyote, wa kikundi chochote, mstari kwa mstari, bila malipo.